Seva ina GB 412 wazi, logi inasema "Imehifadhiwa", asubuhi faili lina baiti 0. Kwota inakulaje data kimyakimya?

#1 MkaziWaNkuhungu
Wakuu, habari za jioni. Niende moja kwa moja, maana jambo hili limeninyima usingizi siku ya tatu leo.

Nipo Dodoma, naangalia kompyuta za mradi mdogo wa utafiti wa wakulima wa alizeti. Vijana wetu wanazunguka Kongwa, Mpwapwa na upande wa Singida na vishikwambi, jioni wanatuma madodoso. Saa 8 usiku kuna skripti ya Python inayosoma jumla.csv ya jana, inaongeza madodoso mapya, inaandika upya faili zima kwenye folda inayotoka seva nyingine kwa NFS, yaani kupitia mtandao. Ikimaliza inaandika kwenye logi "Imehifadhiwa", kisha inafuta madodoso ghafi ili kuokoa nafasi.

Usiku wa Jumatatu logi ikasema Imehifadhiwa. Asubuhi nafungua faili, baiti 0. Nikarudisha nakala ya Jumapili iliyokuwa kwenye laptop yangu. Usiku wa Jumanne tena Imehifadhiwa, asubuhi faili limekatika katikati ya mstari, limeishia kwenye jina la kijiji. df -h inaonyesha GB 412 ziko wazi! Nilipojaribu kunakili kitu kwa mkono ndipo nikaona "Disk quota exceeded", yaani nimevuka kwota, kikomo cha nafasi anachopangiwa mtumiaji.

Vishikwambi navyo hufutwa vikishatuma. Kaya 63 za Mpwapwa sina pa kuzipata isipokuwa kurudi vijijini kwa watu waliotupa saa nzima kila mmoja.

Swali langu: kama kwota imejaa, kwa nini mfumo wa faili ulikubali kuandika? Kwa nini haukukataa palepale?

#2 ZabibuNyeusi
Pole sana mkuu. Naweka kambi hapa, kesi kama hii imewahi kunipata.

#3 FundiSeva_AreaC
Pole mkuu. df haikusaidii hapo. df inahesabu diski nzima, kwota inahesabu mtu. Unaweza kuwa na GB 412 tupu na wewe binafsi huruhusiwi hata baiti moja. Endesha `quota -s` kwa jina la mtumiaji anayeendesha skripti, utuwekee hapa.

Na logi yako imepata hitilafu namba ngapi? 28 ndiyo ya kwota.

#4 Mdodomia
#3 hapana mkuu, tusimpoteze mleta uzi. Kwenye Linux 28 ni ENOSPC, diski yenyewe imejaa. Kwota ni EDQUOT, namba 122. Kwenye FreeBSD hiyohiyo EDQUOT ni 69, kwa hiyo kariri jina, namba hubadilika.

#5 FundiSeva_AreaC
Sahihi kabisa #4, nimechanganya. Ahsante.

#6 BintiKibaigwa
Mleta uzi, jibu la swali lako la "kwa nini haikukataa palepale" lipo kwenye neno moja uliloandika: NFS.

Nimekulia Kibaigwa, nyumbani ni biashara ya mahindi, nielezee kwa njia ya ghala. Mkulima anafika getini na magunia. Karani wa getini anaandika kwenye daftari lake, "magunia 40 yameingia", mkulima anashukuru anaondoka. Hakuna aliyekwenda kuangalia kama chumba alichopangiwa mkulima yule kina nafasi. Atakayegundua ni wapagazi saa mbili baadaye, na mwenye mali ameshapanda basi.

Ndivyo programu inavyoandika. Python kwanza inaweka maneno kwenye bafa yake, yaani hifadhi ya muda. Bafa ikijaa inamkabidhi keneli, kiini cha mfumo. Keneli ya mashine yako inapokea, inaweka kwenye RAM, inajibu "nimepokea". Seva ya NFS yenye kwota haijaambiwa kitu bado! Itaambiwa baadaye, keneli itakapoamua kutuma, au utakapoita fsync (agizo la kulazimisha data ishuke diskini), au utakapofunga faili. Hapo ndipo seva inasema kwota imejaa, na kosa linarudi kwenye fsync au close, wakati write zote zilishapita salama. Hata mwongozo wa close kwenye Linux unasema wazi kwamba kwenye NFS makosa ya ENOSPC na EDQUOT kwa kawaida hayatokei kwenye write ya kwanza iliyovuka, yanajitokeza kwenye write inayofuata, fsync au close.

Sasa tuambie, skripti yako inaandika "Imehifadhiwa" kabla ya kufunga faili au baada?

#7 MkaziWaNkuhungu
Dada #6 nimeangalia. Skripti ilitoka kwa mtu aliyekuwepo kabla yangu. "Imehifadhiwa" inaandikwa mara tu baada ya f.write. Kufunga kuko chini yake, ndani ya try, halafu `except: pass`, yaani kosa likitokea linapuuzwa.

#3 kwenye mashine ya skripti `quota -s` hairudishi kitu chochote.

#8 BintiKibaigwa
`except: pass` kwenye kufunga faili. Basi ujumbe ulifika kaka, ukatupwa mlangoni. Hapo nimeumia kwa niaba yako.

#9 Mdodomia
#7 quota kurudi tupu upande wa mteja si ushahidi kwamba hakuna kwota. Amri hiyo kupitia NFS inategemea seva iwe inaendesha rpc.rquotad, programu inayojibu maswali ya kwota. Kama haipo, hutaona kitu, lakini kwota inakubana vilevile. Ingia kwenye seva yenyewe.

#10 Kisasa_Relini
Nipo kwenye SGR naelekea Dar, mtandao unakatika tukiingia mahandaki ya Kilosa, mnivumilie.

Mimi sikubali kwamba ni NFS peke yake. Faili la baiti 0 lina maelezo rahisi zaidi. Python ikifungua faili kwa 'w' inalikata kuwa tupu KWANZA, kisha ndiyo ianze kuandika. Kukata hakuhitaji kwota, kuandika kunahitaji. Kwa hiyo faili la jana linakufa hata kabla ya kujua kama la leo litapata nafasi. Hata ungekuwa kwenye diski ya ndani ya ext4 (mfumo wa faili wa Linux) bila NFS, ungepata baiti 0 hizohizo.

Dawa yake: andika jumla.csv.mpya, fsync, funga, hakikisha kila hatua imekubali, ndipo ubadilishe jina liwe jumla.csv. Kwota ikikataa, inakataa faili jipya, la zamani linabaki zima.

#11 SokoLaMajengo
#10 hiyo dawa inataka nafasi ya mafaili mawili kwa wakati mmoja. Mtu aliyekaribia kwota ndiye atakayegonga ukuta mapema zaidi.

#12 Kisasa_Relini
#11 kweli, atagonga mapema. Ila atagonga akiwa bado ana data ya jana mkononi. Mimi nachagua hilo kila siku, nimeshazika faili la mishahara la watu 200 kwa njia ile nyingine na sitaki

(handaki)

sitaki kurudia.

#13 MkaziWaNkuhungu
Nimeingia kwenye seva. ext4. Matokeo ya leo Jumatano kwa mtumiaji wa skripti: ametumia 18.6G, kikomo laini 18G, kikomo kigumu 20G, safu ya muda wa rehema imeandikwa "none".

Kwa hiyo bado ana 1.4G kabla ya kikomo kigumu? Na "none" si ina maana hakuna tatizo?

#14 MzeeWaKizota
Kijana wangu, hapo ndipo wengi tunapokwama. "None" kwenye safu ile, ukiwa umevuka kikomo laini, maana yake muda wa rehema UMEKWISHA.

Kikomo laini kinakuruhusu kuvuka kwa muda, kwa kawaida siku 7 kama msimamizi hakubadilisha. Siku ya kwanza unavuka, saa inaanza kuhesabu. Siku zikiisha na wewe bado uko juu, kikomo laini kinageuka kigumu. Hata kama una 1.4G juu yake, hupati hata bloku (kipande cha nafasi diskini) moja mpya. Ile 20G huioni tena mpaka ushuke chini ya 18G, hapo saa inafutwa na unaanza upya.

Huyo mtumiaji amekuwa juu ya 18G zaidi ya wiki. Jumatatu rehema ikaisha. Ndiyo baiti 0 zako. Kesi imekwisha.

Utaratibu huu wenyewe ni wa zamani. Kwota ziliingia kwenye Unix ya Berkeley, toleo la 4.2BSD mwaka 1983, kazi ya Robert Elz wa Chuo Kikuu cha Melbourne. Shida ilikuwa ileile, wanafunzi wengi, diski moja.

#15 ZabibuNyeusi
Mzee #14 kila uzi lazima utufikishe Berkeley, na kila mara tunatoka na kitu. Shikamoo mzee.

#16 MzeeWaKizota
Marahaba binti.

#17 SokoLaMajengo
Kesi haijaisha mzee wangu. Kama rehema iliisha Jumatatu na hadi Jumatano bado inasema "none", basi katikati hakushuka chini ya 18G hata mara moja, maana angeshuka saa ingefutwa na leo tungeona siku 6 kama zimebaki. Sasa Jumanne skripti iliandikaje faili lililokatika? Lingekuwa baiti 0 tena. Mleta uzi, faili la Jumanne lina ukubwa gani hasa? Kwa baiti kamili, usiseme "kama MB 3".

#18 MkaziWaNkuhungu
Faili la Jumanne lililokatika: baiti 3,145,728.
Nakala ya Jumapili niliyorudisha: baiti 3,148,902.

#19 BintiKibaigwa
3,145,728!! Gawanya kwa 1,048,576. Unapata 3 kamili bila salio. Angalia wsize (ukubwa wa kifurushi kimoja cha kuandika) kwenye mount yako ya NFS, naweka dau ni 1048576. Mashine yako ilituma vifurushi vitatu vya MiB moja moja, seva ikapokea vitatu, cha nne kikakataliwa. Ni karani wa getini yuleyule niliyemweleza #6.

#20 Kisasa_Relini
Dada #19 hesabu nzuri, lakini gawanya pia kwa 4096. Ni 768 kamili. Kila kinachogawanyika kwa MiB kinagawanyika kwa bloku ya ext4. Sasa chukua faili la Jumapili: 3,148,902 kwa 4096 ni 768 na kidogo, kwa hiyo lilikuwa limekalia bloku 769. Skripti ililikata kwa 'w', bloku 769 zikarudi kwenye akaunti ya kwota. Ikaanza kuandika upya, ikapata bloku 768, ikagonga ukuta. Mtu aliyekuwa kwenye kikomo kigumu kabisa anaandika karibu kiasi kilekile alichokiachia, si zaidi. Mimi naona kikomo kigumu hapa, vifurushi vya NFS vimeangukia tu hapo.

#21 SokoLaMajengo
769 zilitoka, 768 zikaingia. Moja imekwenda wapi?

#22 Kisasa_Relini
Logi. Kama logi iko folda hiyohiyo na iliongezeka ikavuka mpaka wa bloku, hiyo ndiyo bloku yako moja.

#23 MkaziWaNkuhungu
Logi iko folda hiyohiyo. Na wsize ni 1048576 kama dada alivyosema. Kwa hiyo wote mko sahihi?

#24 Mdodomia
Hamjajibu hoja ya #17 lakini. Kwa mtumiaji huyu rehema imeisha, hapati bloku hata moja, awe na NFS au bila NFS. Zile 768 alizipataje?

#25 MwanaMpwapwa
Salaam. Sina utaalamu wa seva ila niseme lililonipata, huenda likasaidia mtu. Mwaka wa mwisho chuoni, folda yangu ya nyumbani kwenye maabara ilikuwa na kwota ndogo. Nilikuwa nafuta mafaili kila siku na nafasi hairudi. Kumbe kila nililofuta lilikuwa linakwenda kwenye folda ya takataka iliyofichika, ~/.local/share/Trash, nayo inahesabiwa kwenye kwota ileile. Nilikuwa nafagia chumba na kurundika taka chini ya kitanda changu mwenyewe. Sura moja ya utafiti wangu ilitoka baiti 0 kama hili la mleta uzi, na niliiandika upya kwa kichwa wiki mbili.

Ndugu, usimfiche yeyote wa kule Mpwapwa. Rudini mkawaambie ukweli kwamba majibu yao yalipotea. Watu wa kwetu wataelewa mkienda kwa heshima, lakini wakijua mmewauliza mara mbili bila kusema kwa nini, mwaka kesho hakuna atakayefungua mlango.

#26 MkaziWaNkuhungu
#25 nimekusikia. Nimeshaongea na kiongozi wa mradi, tutakwenda wenyewe.

#27 FundiSeva_AreaC
Kuongezea #25: kuna na faili lililofutwa huku programu bado imelishika wazi. Jina limepotea, du hailioni, lakini bloku hazijaachiwa na kwota bado inazihesabu. `lsof +L1` kwenye seva itakuonyesha, ingawa kama wanaolishika ni wateja wa NFS utaona mafaili yenye majina yanayoanza na .nfs badala yake. Mleta uzi angalia kama yapo.

#28 KondoaFM_Msikilizaji
Na kwota ya idadi ya mafaili je? Inodi. Sisi tulikuwa na vijana wanapiga picha za mashamba, picha ndogondogo maelfu kwa maelfu. GB ziko tele, inodi zimeisha, kosa ni lilelile la 122. Ukiangalia GB tu unaweza kuzeeka.

#29 Kisasa_Relini
#28 hoja nzuri kwa kesi nyingine, lakini hapa faili lilikuwepo tayari. Kulikata na kuliandika hakuhitaji inodi mpya. Inodi zingekuwa zimeisha, angeshindwa kuunda faili jipya, hili la zamani lisingeguswa.

(Nimefika Morogoro. Betri ina 9%.)

#30 KondoaFM_Msikilizaji
Nimekubali #29. Ila mwambie hata hivyo aangalie, maana picha zipo.

#31 Ihumwa_Stesheni
Mbona hakuna aliyeuliza umeme? Wiki hii upande wetu umekatika mara mbili usiku. ext4 huchelewesha kupanga bloku, data inakaa RAM kwa sekunde kadhaa, umeme ukikatika kabla haijashuka unapata faili tupu. Baiti 0 za Jumatatu naziona hapo, kwota mnaisingizia tu.

#32 MzeeWaKizota
#31 kuchelewesha ni kweli, lakini kwota haikwepwi kwa njia hiyo. ext4 inapochelewesha kupanga bloku, kwota inawekewa akiba palepale kwenye write, kabla bloku halisi haijachaguliwa. Wamefanya hivyo makusudi, ili mtu asije akaambiwa ndiyo halafu akakosa. Ndiyo maana kwenye diski ya ndani EDQUOT inakuja kwenye write yenyewe. Karani wa ext4 anakwenda kutazama chumba kwanza. Wa NFS yuko kijiji kingine.

#33 Ihumwa_Stesheni
Sawa mzee, lakini hilo halifuti umeme. Mleta uzi, `uptime` ya seva inasemaje?

#34 MkaziWaNkuhungu
Seva ya mafaili ina siku 19 bila kuzima. Mashine ya skripti ina siku 2.

#35 Ihumwa_Stesheni
Siku 2. Hesabuni wenyewe ilizimika lini.

#36 BintiKibaigwa
Ikizimika mashine ya mteja wa NFS kabla haijatuma, data iliyokuwa RAM inapotea kweli, siwezi kukukatalia #31. Ila yeye mwenyewe aliona "Disk quota exceeded" kwa macho yake.

#37 Ihumwa_Stesheni
Aliiona Jumatano akinakili kwa mkono. Jumatatu hakuiona, `except: pass` ilimfunika macho.

#38 SingidaKati
Nyie wa ext4 mna raha. Sisi tuko kwenye ZFS, mfumo mwingine wa faili. Kwota za watumiaji kule zinachelewa sekunde kadhaa, mwongozo wenyewe unakiri, kwa hiyo mtu anaweza kuvuka kabla mfumo haujagutuka. Na siku folda ilipojaa kabisa hadi kwota yake, nikaandika rm ili nipunguze, ikanijibu kwota imejaa! Kufuta nako kunataka kuandika, maana ZFS haibadilishi bloku mahali pake, inaandika mpya kwanza. Nilitoka kwa kulimwaga faili kubwa kuwa tupu, `: > faili`, ndipo rm ikakubali. Na kama kuna snapshoti (nakala ya hali ya zamani ya mafaili) inalishikilia faili hilo hata hiyo haisaidii, lazima uondoe snapshoti au uombe uongezewe.

#39 ZabibuNyeusi
#38 Btrfs yenye kwota nayo hivyohivyo, imenikuta. Unazuiwa kutoka chumbani kwa sababu chumba kimejaa.

Ile kesi niliyoitaja #2 ndiyo hii, nami nilikaa siku mbili nikidhani diski imekufa.

#40 Mdodomia
Turudi. Swali la #17 na #24 bado limesimama. Mleta uzi, Jumanne ulirudishaje ile nakala ya Jumapili kama kwota ilikuwa imefunga? Ulitumia akaunti gani?

#41 MkaziWaNkuhungu
Niliingia kwenye seva nikanakili kwa sudo, yaani kwa mamlaka ya root, msimamizi mkuu. Ilikubali mara moja, ndiyo maana nilidhani nafasi ipo.

#42 Mdodomia
Root hakamatwi na kwota kwenye ext4. Angekubaliwa hata mtumiaji angekuwa 30G. Sasa tuwekee `ls -l` ya jumla.csv. Nataka kuona mwenye faili.

#43 MkaziWaNkuhungu
-rw-rw-r-- mwenye ni root, kundi ni utafiti.

Kumbe sikurudisha umiliki. Jumanne nililifuta lile la baiti 0 kwanza, hili ni jipya nililoliweka mimi.

#44 Mdodomia
Hapo sasa. Kwota inamhesabia MWENYE FAILI, haimhesabii anayeandika. Jumatatu faili lilikuwa la mtumiaji wa skripti, rehema yake imeisha, akapata baiti 0. Mzee #14 alikuwa sahihi kwa Jumatatu. Jumanne faili lilikuwa la root. Skripti iliandika kwa ruhusa ya kundi, lakini bloku zikaandikwa kwenye akaunti ya root ambayo haina kikomo. Ndiyo maana zilipita bloku 768.

#45 SokoLaMajengo
Na kama root hana kikomo, nani alisimamisha ya 769?

#46 Kisasa_Relini
Nimefika Dar, nimepata chaja. #45 ndilo swali la uzi mzima.

#47 BintiKibaigwa
Ndiyo maana narudi kwenye wsize. Vifurushi vitatu kamili. Kitu kilitokea kati ya cha tatu na cha nne.

#48 Ihumwa_Stesheni
Umeme.

#49 MkaziWaNkuhungu
Wakuu, usiku wa kuamkia leo nimefanya hivi. Nimeondoa `except: pass`, nimezuia kufuta madodoso ghafi, vishikwambi navyo nimesema visifutwe mpaka sha256 (alama za kuthibitisha kwamba faili ni lilelile) za pande zote mbili zilingane. Kisha nimeendesha skripti chini ya strace, inayoonyesha kila ombi la programu kwa keneli na jibu lake. Write zote zimekubali, moja baada ya nyingine. close imerudisha -1 EDQUOT. Umeme ulikuwepo usiku kucha. Faili bado ni la root, sijaligusa makusudi. Limekatika tena, safari hii baiti 3,141,632.

#50 Kisasa_Relini
3,141,632 kwa 4096 ni 767 kamili. Kwa MiB haigawanyiki. Dada #47 pole, ila logi ya mleta uzi inaendelea kula bloku moja moja.

#51 BintiKibaigwa
Nimeiona. Lakini close ndiyo iliyosema, write hazikusema. Hilo la #6 bado nalishikilia.

#52 Mdodomia
Hilo hakuna anayekunyang'anya dada.

#53 MzeeWaKizota
Kijana, ile folda ya pamoja ina setgid? Kila faili linalozaliwa humo linachukua kundi la utafiti?

#54 MkaziWaNkuhungu
Ndiyo mzee, niliiweka mwenyewe ili vijana wote waweze kuandika.

#55 MzeeWaKizota
Picha za mashamba, jumla.csv, logi, vyote ni vya kundi moja. Kwota ya mtumiaji umetuonyesha. Ya kundi je? `quota -g -s utafiti`.

#56 MkaziWaNkuhungu
Sijawahi kuiangalia, sikujua kama ipo. Niko kwenye daladala natoka Mtumba, seva iko ofisini. Nikifika naweka hapa.

#57 KondoaFM_Msikilizaji
Ukiangalia soma na safu ya inodi.